Wakili wa Bango na Sheria ya Ng'ambo ya Daraja

Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, umekaa ukingoni mwa Mto Ohio. Ng'ambo yake ni Jeffersonville, na Jeffersonville iko Indiana. Wapo Wakongo, Warundi na Waswahili wengine wanaolala upande wa Kentucky na kufanya kazi katika maghala ya upande wa pili. Kuvuka daraja ni dakika chache tu, redio haijamaliza hata wimbo mmoja, lakini katikati ya mto sheria ya ajali imeshabadilika.

Chukua majeruhi mwenye hasara ya dola 100,000, ambaye mahakama imeona ana asilimia 60 ya kosa kwa sababu alikuwa akiendesha kwa kasi kupita kiasi. Chini ya sheria ya Kentucky anaondoka na dola 40,000, maana anakatwa sehemu yake ya kosa na kulipwa iliyobaki. Chini ya sheria ya Indiana haondoki na senti, kwa kuwa aliyezidi asilimia 50 ya kosa hana dai. Ukishuka kusini kwa barabara ya I-65 hadi Tennessee, hata asilimia 50 kamili inakutoa mchezoni. Ukielekea mashariki hadi Virginia au North Carolina, mambo ni makali zaidi: asilimia 1 tu ya uzembe wako inaweza kuliua dai lote. Alabama, Maryland na Washington D.C. nazo zimebaki na kanuni hiyo kongwe, ingawa D.C. iliwalegezea watembea kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka 2016.

Kwa hiyo swali linaloulizwa kwanza katika makundi ya WhatsApp baada ya ajali, "nani anamjua wakili mzuri?", linatangulia mahali pasipo pake. La kwanza ni ajali imetokea jimbo gani. Marekani haina sheria moja ya fidia za majeruhi. Ina sheria 50 na ya D.C., na mtu asiyejua namba nne au tano za sheria ya jimbo lake hana kipimo cha kumpimia wakili. Atampima kwa suti, kwa bango la barabarani, au kwa kuwa katibu wake anajua kusema "karibu".

Kwa kawaida sheria ya mahali pa ajali ndiyo inayotumika, lakini si kila mara. Mahakama za Kentucky, kwa mfano, zinajulikana kwa kuipendelea sheria ya nyumbani pale kesi inapokuwa na uhusiano wa kutosha na jimbo hilo. Wakazi wawili wa Louisville wakigongana Indiana, kuchagua mahakama ya kufungulia kesi ni nusu ya vita. Mwulize wakili swali hilo siku ya kwanza. Anayejibu kwamba "haina tofauti" ameshakusaidia kuamua.

Baada ya kosa, muda. Hapa ndipo watu wengi huangukia, kwa sababu ushauri wa ndugu aliyeshinda kesi Texas miaka kumi iliyopita hauna kazi Tennessee leo. Tennessee inatoa mwaka 1 tu kufungua kesi ya majeraha. Indiana, Ohio na Texas zinatoa miaka 2, North Carolina 3, na Maine 6. Kentucky ina tabia yake: ukiteleza kwenye sakafu ya duka una mwaka 1, lakini ukigongwa na gari una miaka 2, inayohesabiwa tangu ajali au tangu malipo ya mwisho ya bima ya lazima ya matibabu, lolote litakalochelewa. Tena sheria hizi hazikai mahali pamoja. Florida ilitoa miaka 4 hadi 24 Machi 2023, ikaishusha hadi 2, na siku hiyo hiyo ikaweka kanuni kwamba aliyezidi asilimia 50 ya kosa hapati kitu. Louisiana ilienda kinyume: ajali za tangu 1 Julai 2024 zina miaka 2 badala ya 1.

Huo ni muda wa kumshitaki mtu au kampuni. Ukigongwa na basi la mji au lori la takataka la manispaa, saa inakwenda mbio zaidi. Indiana inataka notisi ya maandishi ndani ya siku 180 kwa mji au kaunti, na 270 kwa jimbo lenyewe. New York inataka siku 90 kwa mji. California inataka miezi 6. Gari la posta ni la serikali kuu: huendi mahakamani moja kwa moja, unapeleka kwanza dai kwenye idara yenyewe ndani ya miaka 2, likiwa na kiasi kamili cha dola unachodai. Ukiandika ndogo kwa haya au kwa kubahatisha, kwa kawaida huwezi baadaye kudai zaidi ya hiyo mbele ya jaji. Kazi ya kuandika namba hiyo usimwachie mpwa anayejua Kiingereza.

Kisha kuna chungu chenyewe, yaani pesa zilizopo. Mabango hutaja mamilioni. Kwenye barabara za kawaida, aliyekugonga mara nyingi ana bima ya kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na nyuma ya bima hiyo hana nyumba wala akiba ya kukamata. Kentucky, Indiana na Tennessee zote zinataka angalau dola 25,000 kwa majeruhi mmoja na 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja. Texas ni 30,000 na 60,000. California ilikaa kwenye 15,000 kwa miongo mingi, ikapandisha hadi 30,000 kuanzia 1 Januari 2025. Florida haiwalazimishi madereva wa kawaida kuwa na bima ya kumlipa mtu waliyemjeruhi. Familia ya watu watano ikijeruhiwa pamoja Louisville na mgongaji ana kiwango cha chini, dola 50,000 ndizo za kugawana wote, na wakili hodari kuliko wote mjini hataweza kukamua ng'ombe aliyekauka.

Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa fidia hufanywa kabla ya ajali, mbele ya wakala wa bima, pale mtu anapoulizwa kama anataka kinga dhidi ya dereva asiye na bima au mwenye bima ndogo. Wengi hukataa ili kuokoa dola chache kwa mwezi. Kinga hiyo ndiyo inayokulipa wewe, kutoka kampuni yako, pale chungu cha mwenzio kinapokauka. Kabla ya kwenda kwa wakili, toa ukurasa wa kwanza wa mkataba wako wa bima, ule wenye orodha ya viwango, uende nao. Wakili asiyeuomba katika mazungumzo ya kwanza hajaanza kazi.

Majimbo 12, Kentucky, Minnesota, New York, Florida na Michigan yakiwamo, yana mfumo ambao bima ya gari hulipa kwanza matibabu bila kuuliza mkosaji ni nani. Kwenye karatasi huitwa PIP. Kentucky kiwango chake cha msingi ni dola 10,000, na ndani yake mshahara uliopotea hulipwa kwa kikomo cha dola 200 kwa wiki. Kinga hiyo hulifuata gari hata likivuka daraja; kwa hiyo aliyepanda gari la Kentucky analo fungu hilo akigongwa Indiana, na mwenzake aliyepanda gari lenye bima ya Indiana hana. Florida ina mtego wa pekee: usipomwona tabibu ndani ya siku 14, fungu hilo limepotea. New York inataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 30. Tena katika mfumo huu huwezi kudai fidia ya maumivu mpaka uvuke kizingiti fulani. Kwa Kentucky ni gharama za matibabu zinazozidi dola 1,000, au majeraha makubwa kama mfupa uliovunjika na kuhama, ulemavu wa kudumu au kifo. Mwulize wakili kama anachukua asilimia kwenye fedha za PIP. Kwa kuwa mara nyingi ni fomu tu, wengi hawachukui, na anayechukua ajieleze.

Lugha yetu nayo huwaponza majeruhi kwa namna ambayo mawakili wachache wanaijua. Mtu amegongwa, anashuka garini, anamkuta dereva wa pili ameshika kichwa. Mswahili aliyelelewa vizuri atasema nini? Atampa pole. Kiingereza kinatumia maneno yale yale, "I'm sorry", kutoa pole na kuomba msamaha, na polisi akiyasikia anaandika kwamba majeruhi ameomba radhi. Majimbo kadhaa, California likiwamo, hayaruhusu maneno ya huruma kutumiwa kama ushahidi wa kosa, lakini ulinzi huo ni wa huruma tu, haufuniki kukiri. Ukisema pole, halafu ukaongeza "sikukuona", la pili halijafunikwa.

Siku ya tatu afisa wa madai wa bima ya mwenzako anapiga simu, anaanza kwa salamu. Anauliza hali, anajibiwa "nzuri, namshukuru Mungu", kwa sababu kwetu mtu husema ni mzima kwanza, hata kama yuko hospitali, ndipo aeleze kinachomsumbua. Simu inarekodiwa. Miezi minane baadaye jibu hilo linasomwa kama ushahidi kwamba majeruhi alikuwa mzima. Huna wajibu wa kutoa maelezo ya kurekodiwa kwa bima ya mtu aliyekugonga. Kwa bima yako mwenyewe unao wajibu wa kushirikiana, kwa mujibu wa mkataba, lakini hata hapo una haki ya kusema utazungumza ukiwa na mkalimani na kwa miadi.

Saa zetu ni balaa jingine. Aliyegongwa saa mbili asubuhi akienda kazini, akisema "saa mbili" tu na kutafsiriwa neno kwa neno, anaandikwa kwa Kiingereza kwamba aligongwa saa ambayo sisi tunaiita saa nane. Mwajiri anatoa rekodi kwamba saa nane mchana mtu huyo alikuwa ndani ya ghala, na kampuni ya bima inasema ajali ni ya kutunga. Ukitaja saa, taja ile inayosomeka kwenye simu yako. Halafu kuna mguu. Kiswahili kinaita mguu tangu paja hadi unyayo, na mkono tangu bega hadi vidole. Mgonjwa anasema mguu unauma, mkalimani anachagua neno la unyayo, daktari anapiga picha unyayo. Wiki sita baadaye inagundulika kano ya goti imechanika, na bima inauliza kwa nini goti halikutajwa siku ya kwanza. Sema goti, sema paja, sema kiwiko, na uguse mahali penyewe. Na mtoto asifanywe mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Omba pia anayeelewa Kiswahili chako: aliyezoea kile cha Mombasa anaweza kupotea kabisa kwenye kile cha Bukavu.

Sasa wakili. Matangazo ya mawakili yaliruhusiwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1977, katika kesi iliyotoka Arizona, na mabango yalianzia hapo. Tangazo halikwambii kitu isipokuwa kwamba ofisi ina bajeti ya matangazo. Kinachokatazwa ni kumfuata majeruhi ana kwa ana, hospitalini au nyumbani, kumwomba kazi. Anayeletwa na dalali wa jamii, yule kaka anayefika na fomu kabla damu haijakauka na kuahidi dola 500 za haraka, ameshakuonyesha anavyoheshimu kanuni za kazi yake. Texas huliita hilo kosa la jinai. Usifikiri kwamba dalali anakusaidia kwa sababu mnatoka mkoa mmoja. Ujira wake unatoka kwenye kesi yako.

Msomaji aliyetoka Kenya atashangaa pia na malipo. Kule Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa kumlipa wakili iwapo tu ameshinda. Marekani ndiyo desturi katika kesi hizi: theluthi moja kama mtapatana kabla ya kufungua kesi, na mara nyingi asilimia 40 baada ya kuifungua. Mkataba wa namna hiyo sharti uwe wa maandishi. "Hulipi mpaka ushinde" ni kweli kwa ujira, lakini gharama ni jambo jingine: rekodi za hospitali, ada ya mahakama, madaktari wa kutoa ushahidi. Soma kifungu kinachosema nani anabeba gharama mkishindwa. Soma pia kama asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama. Kwa fidia ya dola 60,000 na gharama za 6,000, theluthi ikikatwa juu ya yote wakili anachukua 20,000, wewe unabaki na 34,000. Gharama zikitoka kwanza, theluthi ni 18,000, unabaki na 36,000. Dola 2,000 zimekaa ndani ya sentensi moja ambayo watu huipita wakitafuta pa kusaini.

Na hizo 36,000 bado si zako zote. Hospitali inaweza kuwa imeandikisha deni juu ya fidia. Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee na baadhi ya walemavu), Medicaid (ile ya watu wa kipato kidogo) na baadhi ya bima za afya za kazini zinataka kurudishiwa zilicholipa. Kwa Medicaid, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2006 kwamba jimbo linagusa sehemu ya fidia iliyo ya matibabu tu, si ya maumivu wala mshahara. Mwaka 2022 ikasema sehemu hiyo ni pamoja na matibabu yajayo. Hapa ndipo wakili mzuri hutofautiana na wa kawaida kuliko kwenye kelele za mahakamani. Kupunguza deni la hospitali kutoka 12,000 hadi 5,000 kunakuongezea 7,000 mfukoni bila kumwomba mtu wa bima lolote. Mwulize: "Madeni haya utayashughulikia mwenyewe, na utanitoza zaidi?" Ofisi nyingine hukupa hundi, kisha barua za madai zikufuate nyumbani.

Kuna ofisi za aina moja za kuziepuka, nazo ndizo zenye mabango makubwa zaidi. Zinapokea kesi kwa mamia, hazifungui hata moja mahakamani, zinauza zote kwa bei ya haraka. Kampuni za bima zinazijua kwa majina na hulipa kwa kipimo hicho, kwa sababu tishio la juri, yaani raia wanaoketi mahakamani kuamua kesi, halipo. Dalili zake: humwoni wakili, unaongea na msaidizi anayebadilika kila mwezi, unaelekezwa kwa mnyoosha mgongo mmoja tu, aliye kwenye jengo la jirani, ambaye bili yake inakua mpaka inakaribia kiwango cha bima, na ukiuliza mara ya mwisho ofisi kusimama mbele ya juri ni lini, unapewa jibu la jumla. Uliza pia kama kesi itapelekwa kwa ofisi nyingine. Kugawana ujira kunaruhusiwa katika majimbo mengi, lakini sharti wewe ujue na ukubali kwa maandishi. Leseni na rekodi ya nidhamu ya wakili hupatikana bure kwenye tovuti ya chama cha mawakili au mahakama kuu ya jimbo, kazi ya dakika tano. Texas wapo waliofanya mtihani na kuthibitishwa na bodi kwa kesi za majeruhi, na jina hilo mtu hawezi kujipachika tu.

Ghalani mambo ni mengine kabisa. Ukiangukiwa na mzigo kazini, kwa kawaida humshitaki mwajiri kwa uzembe. Unaingia kwenye fidia ya wafanyakazi, ambako kosa haliulizwi na maumivu hayalipwi. Indiana inataka umjulishe mwajiri ndani ya siku 30. Texas inaruhusu mwajiri binafsi kukaa nje ya mfumo huo, na hapo mlango wa kumshitaki unafunguka. Lakini forklifti ikiwa na hitilafu ya kiwandani, au dereva wa kampuni nyingine akikugonga kwenye gati la kupakulia, una dai la pili dhidi ya mtu wa tatu. Mawakili wa fidia ya kazini wengi hawalifuatilii, na wa ajali za magari hawalioni.

Uamuzi wa kupatana ni wako, si wa wakili, na hati ya kuachilia madai ikishasainiwa hairudi nyuma hata ukigundua baadaye kwamba diski ya mgongo imepasuka. Mfukuze wakili ukitaka, wakati wowote. Wa zamani atadai malipo ya kazi aliyofanya, lakini kwa kawaida hutoka kwenye asilimia ile ile ya wakili mpya, si juu yake. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa pili. Faili ni lako, liombe kwa maandishi. Ila angalia kalenda kwanza. Kesi ya Tennessee iliyobakiza wiki mbili kutimiza mwaka, karibu kila ofisi utakayobisha hodi itaikataa kwa upole, hata kama mguu wako ungali kwenye plasta.